Mabega Yasiyo na Taa

Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani kwa binti yangu, mjukuu wangu alinipita sebuleni kama anavyolipita kabati la vyombo, akafungua mlango, akampigia goti kijana wa mgambo aliyekuwa getini anakula muhogo.

"Shikamoo, afande," akasema, kisha akatulia palepale, mikono ameikunja.

Yule kijana jina lake Ipyana, na ndevu zenyewe bado zinamtafuta. Akameza muhogo upesi. "Marahaba. Haya, nenda shule."

Ndipo mtoto akanyanyuka na kulikimbilia gari la shule, lile lisilo na dereva, likamfungulia mlango na kuondoka naye.

Nilibaki na kikombe cha chai mkononi. Nikajiambia labda hajaniona. Lakini mimi si mtu wa kutoonekana, Mungu kanijalia mwili, na siku hiyo nilikuwa nimefunga kilemba. Tena niwaambie ukweli, mimi nimezoea kuamkiwa. Huko kwetu Tukuyu ni mzee wa kanisa. Jumapili nikitoka nyumbani hadi kufika mlangoni mwa kanisa, nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka. Wapo waliokuwa wanavuka barabara makusudi waje kuniamkia, na mimi nilikuwa napunguza mwendo ili wanifikie. Sasa nimekuja Mbeya kumlea mtoto wa binti yangu, na mtoto mwenyewe ananiona fanicha.

Jioni aliporudi nilimsubiri mlangoni, nimesimama katikati kabisa.

"Atuganile," nikamwita kwa jina lake zima. "Umenisahau mimi ni nani?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mbona huniamkii?"

Akanitazama. Si usoni; alinitazama begani, la kushoto, halafu la kulia, kama fundi anayepima nguo. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Bibi, huna taa."

*

Tusekile, binti yangu, ndiye mmoja wa waliozitengeneza hizo taa. Alinieleza usiku ule huku anamenya ndizi, na mimi nitawaeleza kama nilivyoelewa.

Mtoto akianza chekechea anawekewa tone moja kwenye kila jicho. Halimuumi. Linakaa humo mpaka anapoanza kung'oka meno ya utoto, kisha linajifia lenyewe. Na kila mtu mwenye madaraka, askari, mwalimu, nesi, mwenyekiti wa mtaa, anapewa mbegu ndogo kuliko punje ya mtama, inashonwa kwenye ukosi wa nguo yake. Wewe na mimi hatuoni kitu. Mtoto anaona mabega ya mtu huyo yanawaka rangi ya chungwa. Mbegu inasikiliza mapigo ya moyo wa mwenyewe. Ukiiba shati la askari ukalivaa, inazimika.

Shuleni wanafundishwa kwa wimbo, na Atu alikuwa akiuimba hata chooni: ona taa, simama, amkia, subiri uitikiwe. Hapo pa kusubiri ndipo walipopatilia mkazo. Ukishaitikiwa ndipo mkubwa anakuambia nenda, au kaa, au nifuate. Asiye na taa hawezi kukuondoa mbele ya mwenye taa. Akikushika mkono, piga yowe.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi nyanya yake nimewekwa wapi kwenye wimbo huo?"

"Ndugu hawahitaji taa, Mama. Wanajulikana."

"Wanajulikana na nani?"

Akaacha kumenya. "Mama, unamkumbuka Lugano, tuliyesoma naye? Mwanaye alichukuliwa na mwanamke mwenye gauni la nesi. Alimfuata mwenyewe, kwa adabu zote, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha kuwaheshimu manesi. Mpaka leo hajaonekana. Wezi walikuwa wanashona sare, Mama. Sare yoyote waliyoitaka waliipata. Tangu taa zianze, hapa Mbeya hajapotea mtoto hata mmoja."

Lugano nilimjua, alikuwa anakuja kwetu likizo na kunisaidia kuchambua maharage. Lakini nilikwenda kulala nimenuna, na nilinuna kwa muda mrefu.

Kosa halikuwa adabu ya mtoto. Ningesema hana adabu ningekuwa mwongo. Alikuwa ananikumbatia, ananiletea miwani, analala kwenye mapaja yangu tukitazama katuni. Ila alinichukua kama mnavyomchukua paka mzuri wa nyumbani. Nilikuwa wa kupendwa. Wa kusikilizwa sikuwa.

*

Siku moja tulikwenda dukani pamoja kununua chumvi. Barabara ya pale kwao ni mteremko, na pikipiki za siku hizi za umeme hazina mlio. Unazisikia zikiwa zimeshakupita. Atu aliona kipepeo ng'ambo akaanza kuvuka. Mimi nikaona pikipiki inashuka.

"Atu, simama!"

Mtoto alinisikia. Aligeuka. Macho yake yakafika begani kwangu yakakuta giza, basi akageuza shingo na kuendelea na safari yake.

Pikipiki ilimkwepa kwa unene wa kidole, ikagonga ukingo, na trei zote za mayai zilizokuwa nyuma zikamwagika barabarani. Mwenye pikipiki akakaa chini kwenye ute, akashika kichwa. Mimi nilimvuta mtoto nikambana tumboni.

"Kwa nini hukusimama? Nimekuambia simama!"

Akanipapasa mkono, kama anayetaka kunituliza. "Bibi, watu wasio na taa hawasemi simama. Wanasema tafadhali."

Jioni nilipomsimulia Tusekile, hakula. Alikaa anamtazama mwanaye anavyochora, akaniambia nirudie, macho yalifika wapi, yalikaa kwa muda gani. Nikarudia. Akainuka akaenda kujifungia kwenye chumba chake cha kazi, na mimi nikadhani anakwenda kulia.

Baada ya hapo aliniletea kanga. Nzuri, nzito, rangi ya damu ya mzee yenye maua meusi, ya kujifunga mabegani wakati huu wa baridi ya mvua. "Uwe unaivaa, Mama," akasema. "Usiwe unaiacha chumbani." Nikaona mwanangu ananionea huruma kwa ile ajali, nikamshukuru.

Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikasikia nyayo zimekuja mbio, zikakatika ghafla.

"Shikamoo, Bibi."

Niligeuka na mwiko mkononi. Mtoto amepiga goti, mikono ameikunja, ananisubiri.

Jamani, nisiwafiche, uji ule uliungua.

*

Nilinenepa kwa furaha. Nikamwambia dada yangu kwenye simu kwamba yule mtoto ameshika adabu, ni suala la muda tu, damu haiendi mbali. Nilikuwa natafuta sababu ya kupita sebuleni ili niamkiwe tena. Nikisema simama, anasimama. Nikisema kula, anakula. Nikimwambia Atu njoo uvae sweta, anakuja huku ameshanyoosha mikono. Nilianza kumhurumia Ipyana pale getini, maana sasa mtoto alikuwa ananianza mimi kabla yake.

Jambo moja tu lilinitatiza kidogo, nalo sikulitilia maanani. Alikuwa ameacha kulala mapajani mwangu. Katuni alikuwa anatazama akiwa wima kwenye kigoda, ananitupia jicho kila mara, kama mtu aliyekaa na mgeni wa serikali.

Nikamuuliza, "Hutaki kuja kwa Bibi?"

"Mpaka uniambie njoo," akajibu.

Nikamwambia njoo, akaja. Akakaa mapajani amenyooka kama fimbo, nami nikajidanganya kwamba ni kwa sababu anakua.

Kanga ile sikuivua. Tusekile alikuwa amesema niivae, na baridi ilikuwepo. Lakini kila kitu kina mwisho, na harufu ya samaki niliyokaanga siku ile ingemfukuza hata mchungaji. Mashine ya kufulia ya binti yangu siiamini, ina kelele na inaniuliza maswali. Nikaifua kwa mkono, nikaianika uani kwenye kamba, jua lilikuwa linachungulia. Nikajilaza kidogo.

Niliamshwa na mvua juu ya bati.

Nikakumbuka kanga, nikatoka mbio kadiri magoti yangu yanavyoruhusu. Atu alikuwa pale uani. Gari la shule lilikuwa limemshusha nikiwa usingizini. Amesimama mbele ya kamba, begi mgongoni, mikono ameikunja, na sare yote imemgandia mwilini. Kanga yangu ilikuwa inaning'inia mbele yake, inachuruzika.

"Shikamoo, Bibi," akaiambia kanga.

Ilionekana hakuwa anasema kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa imeshachoka.

"Atu! Mimi niko huku!"

Hakugeuka. Nikamwendea, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki. Hapo akapiga yowe ambalo sitalisahau maisha yangu yote.

"Mwizi! Mwizi ananichukua!"

Alikuwa ananitazama. Hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananitazama mimi, begani, na kulia kwa hofu ya kweli, huku anavutana nami arudi kwenye nguo. Nikamwachia. Akarudi mahali pake, akapangusa machozi, akakunja mikono tena.

Tusekile aliingia getini wakati huo. Alikuwa amewahi kurudi kufunga sanduku, maana kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Dodoma kwenye kikao chao kikubwa. Aliona kanga, akaona mtoto, akaona mimi. Uso wake ulisema yote kabla hajafungua mdomo.

"Umeifua," akasema.

"Umetia nini kwenye nguo yangu?"

"Mama..."

"Tusekile. Umetia nini?"

"Mbegu. Kwenye pindo." Akaelekeza kidole kwenye kamba. "Ni za majaribio, zinawaka bila moyo. Za kawaida zinataka mapigo ya moyo wa mwenyewe, na ningelazimika kukuomba. Ningekuomba ungejua. Sikutaka ujue, Mama. Ulikuwa umefurahi sana."

Kumbe kila shikamoo niliyokuwa nimeipokea ilikuwa inatua kwenye pindo la nguo. Nilijisikia mjinga, na nilijisikia uchi, mvua inaninyeshea kichwani na kilemba kimenilegea.

"Izime," nikasema.

"Siwezi, mtoto akiwa anaitazama. Wamefundishwa taa inayozimika ni ya mwizi. Atakimbia ajifiche, na akijificha hatoki kwa sauti yangu wala yako. Kuna mmoja tulimtafuta kutwa nzima." Alijaribu kumsogelea mwanaye, mtoto akavuta pumzi ya kupiga yowe, mama akarudi nyuma na mikono juu. "Ivae tu, Mama. Ivae, muitikie, umwambie ingia ndani. Basi. Ataingia."

Akaichomoa kanga kwenye kamba, taratibu, akanishikisha. Macho ya Atu yakaifuata ilipokwenda.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini?"

"Halafu kesho unakwenda Dodoma kusema nini?"

Akafuta maji usoni. "Wanataka kila nyumba ipate. Mababu, manyanya, wazazi. Wananisubiri mimi nilete matokeo ya kwangu." Akacheka bila furaha. "Yalikuwa matokeo mazuri, Mama. Uliona mwenyewe. Anasikia. Ungekuwa nayo siku ya pikipiki, angesimama."

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Angesimama. Nilikuwa na nguo mkononi, na kwenye pindo lake kulikuwa na kitu kinachoweza kumsimamisha mjukuu wangu ukingoni mwa barabara, kumwingiza ndani kwenye joto sasa hivi, na kunipa shikamoo kila asubuhi mpaka atakapong'oka meno. Tena nilikuwa naitaka. Msinione mtakatifu. Ningeitupia mabegani palepale, isingechukua muda wa kupiga chafya.

Lakini nilikuwa nimeshaliona goti likipigwa kwa nguo. Nikawaza akikua, taa zikimfia machoni, atafanyaje? Ataishi kati ya watu wote hawa wenye mabega meusi, asimjue aliye mkubwa wala aliye mdogo, wala wa kumsikiliza, wala wa kumkimbia. Na akikutana na mwovu mwenye taa yake halali, moyo wake mwenyewe unadunda humo ndani, atasimama, atamwamkia, atasubiri. Nani atakuwa amemfundisha kumtazama mtu usoni?

Nikamrudishia Tusekile kanga. "Simama nayo hapo pembeni. Usiivae, usiifiche."

"Mama, mtoto anaganda!"

"Namwona."

Nikasogea nikasimama mbele ya Atu, si karibu sana, nisimtishe. Nikakusanya gauni langu, nikapiga goti. Lile la kulia lilitoa mlio wake, la kushoto likafuata, na tope likaniingia mpaka kwenye soksi. Mimi, mzee wa kanisa wa Tukuyu, nikakunja mikono mbele ya mtoto wa chekechea.

"Shikamoo, Atuganile," nikasema.

Nyuma yangu nilimsikia binti yangu akishtuka. Hata yeye, na sayansi yake yote, alishtuka.

Atu akaacha kuitazama kanga. Akageuka. Mdomo ulikuwa wazi.

"Bibi!"

"Shikamoo. Nasubiri uniitikie."

"Siyo wewe unayesema!" Kicheko kilimtoka hapohapo katikati ya baridi, meno yanagongana. "Umekosea, Bibi. Siyo wewe!"

"Kumbe nani?"

"Mimi! Mdogo ndiye anamwambia mkubwa!"

"Na hapa mkubwa ni nani?"

Akafanya walivyomzoesha. Akanitazama begani, la kushoto, la kulia. Hakukuta kitu. Nikaona anakunja uso, na nikaogopa kuliko siku ya pikipiki, maana kama angeirudia ile kanga sikuwa na neno jingine la kusema. Mvua ilikuwa inatuchapa wote watatu. Macho yake yakatangatanga kwenye kola yangu, yakapanda shingoni, yakafika usoni, yakakaa.

"Wewe," akasema polepole.

"Umejuaje? Mimi sina taa."

Akawaza. Alinyoosha kidole chake cha baridi akanigusa karibu na jicho. "Una makunyanzi. Halafu unanipikia kande." Akawaza tena. "Halafu magoti yako yanalia."

Tusekile alikuwa ameikumbatia ile kanga kifuani. Nilimwona akilitafuta pindo kwa vidole, akauma uzi kwa meno, akatoa kipunje asichoweza hata kukiona vizuri, akakifumba kwenye kiganja na kutazama chini. Kesho yake alikuwa na kikao, na huko Dodoma kulikuwa na kina Lugano wengi wanaomsubiri awaambie watoto wao watakuwa salama. Sikujua atawajibu nini. Sidhani na yeye alijua.

Atu hakumwona. Alikuwa anahangaika kunivuta mkono niinuke kwenye tope, ananikaripia kwamba nitaugua. Niliposimama, akajipanga vizuri mbele yangu, akapandisha begi, akapiga goti lake.

"Shikamoo, Bibi."

Nilikuwa nimeisubiri salamu ile tangu asubuhi ya kwanza, na sasa imefika, nikataka kuitazama kidogo kabla ya kuipokea. Mtoto akabaki pale chini, maji yanamtiririka usoni, macho yake kwenye macho yangu, hatikisiki.

"Marahaba," nikasema upesi, maana mvua ilikuwa inazidi na alikuwa ananisubiri mimi.